Nyumba ya vyumba saba milimani Lushoto: kabla ya bei, ulizeni nani anawauzia

SWALI: Mimi na mume wangu tunastaafu mwakani, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Tumeonyeshwa nyumba kubwa ya familia inayouzwa kijijini, juu kidogo ya Soni, wilayani Lushoto. Ina vyumba saba vya kulala, sebule mbili, jiko la nje, banda la ng'ombe, na shamba la ekari moja na nusu lenye migomba na miparachichi, linaloshuka hadi kwenye kijito. Nyuma ya nyumba kuna makaburi matatu ya familia. Wauzaji ni watoto watano wa marehemu aliyeijenga. Mmoja yuko Canada na mdogo wao wa mwisho anaishi humo na mkewe. Wanataka shilingi milioni 85. Wametuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, hivyo tutangulize milioni 10. Tununue? Na tuangalie nini?

JIBU: Dada yangu, nianze na Jumamosi, maana hilo haliwezi kusubiri. Msitoe hizo milioni 10. Huenda nyumba ni nzuri, na kwa jinsi ulivyoieleza hata mimi ningependa kuiona. Tatizo ni kwamba kwa karatasi ulizozitaja, hakuna mtu hata mmoja kati ya hao watano mwenye mamlaka ya kuwauzia. Mteja wa Jumamosi, kama yupo, naye atakuwa ananunua kwa watu wasio na mamlaka. Mwacheni atangulie.

Mwenye mali amefariki. Mali yake sasa ni mirathi, na mirathi huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si na watoto kwa wingi wao wala na ukoo kwa heshima yake. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi ya kuanzia safari: unampendekeza mtu, naye anaupeleka mahakamani kuomba uteuzi. Watu wengi wanaishia hapo, wanaona sahihi kumi na muhuri wa kijiji, wanadhani kazi imekwisha. Waombeni wauzaji barua ya uteuzi. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako familia nyingi za vijijini huenda, barua hiyo ni Fomu namba 4. Chukueni namba ya shauri, nendeni mahakamani wenyewe mkaulize kama uteuzi huo ni wa kweli na kama haujatenguliwa. Mkiwa hapo, ulizeni pia Fomu namba 5, yaani orodha ya mali za marehemu, muone kama nyumba hii imo. Nimekutana na orodha zilizotaja ng'ombe na pikipiki na kuiacha nyumba nje, kwa sababu ndugu mmoja alikuwa akidai baba alimpa kabla hajafa.

Halafu soma majina yaliyo kwenye muhtasari wa ukoo pole pole. Umesema watoto ni watano. Je, mabinti wapo na wamesaini, au wamesaini kaka na baba wadogo tu? Mama yao yuko hai? Hukumtaja kabisa, na hilo limenishtua kuliko kijito. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake la moja ya nane pale palipo na watoto, na kama wajane ni zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilohilo. Kwa nini mtu mwenye fungu hajatajwa kwenye mauzo? Ulizeni pia kwa upole kama kulikuwa na nyumba nyingine, yaani mke mwingine au watoto wa nje. Wasiulizwe wauzaji hilo. Aulizwe jirani mzee, mkiwa mmekaa naye mnakunywa chai.

Kisheria msimamizi wa mirathi anaweza kuuza bila sahihi ya kila mrithi. Mahakama zetu zimeshalisema hilo. Lakini mimi ninayekagua nyumba hizi ninawaambieni: takeni sahihi za wote. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na huo ni muda mrefu sana kwa mstaafu kuishi akisubiri hodi ya mtu mwenye faili. Aliyeko Canada anaweza kutoa hati ya uwakilishi aliyoisaini mbele ya ofisa wa ubalozi wetu kule Ottawa, akitaja nyumba hii hasa na kwamba anaridhia iuzwe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa "mimi sina neno, uzeni tu" hautawasaidia kitu siku ya siku.

Sasa huyu mdogo wao anayeishi humo. Katika hadithi yote uliyonisimulia, yeye ndiye mtu muhimu kuliko wengine. Mnunuzi wa nyumba ya urithi kijijini mara nyingi haanguki kwa sababu ya hati, anaanguka kwa sababu ya mtu aliyeko ndani. Ndugu wanne wako mjini na nje, wanataka fungu lao la fedha. Wa tano huenda ndiye aliyemuuguza mzee, anakamua ng'ombe wa bandani, na mkewe ndiye aliyepanda bustani ya mboga. Fungu lake katika hizo milioni 85 halitamjengea nyumba kama ile. Zungumzeni naye peke yake, bila kaka zake na bila dalali. Mwulizeni swali moja: "Mkishauza, wewe utahamia wapi?" Akijibu kwa kutaja kiwanja na tarehe, vizuri. Akitazama pembeni na kusema "kaka ndio wanajua", nyinyi mnanunua ugomvi. Vyovyote atakavyojibu, mkataba useme kwamba sehemu kubwa ya fedha hailipwi mpaka nyumba iwe tupu na funguo ziko mikononi mwenu.

Kuhusu barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na hapo mwenye sauti ni Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mwenyekiti ni mmoja wao. Barua yake inaweza kuwatambulisha, lakini haiidhinishi mauzo. Mnachotaka ni muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji, wenye tarehe, mahudhurio yenye sahihi, na ajenda inayotaja uhamisho wa eneo hili kutoka kwa mirathi ya fulani kuja kwenu. Hili si jambo dogo la ofisini: Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya kijiji hayana nguvu, na imekuwa ikilirudia. Sheria hiyohiyo inataka mpokeaji awe raia anayeishi au kufanya kazi kijijini, au anayekusudia kufanya hivyo. Kwenu ni rahisi kwa kuwa mnakwenda kuishi. Jitokezeni kwenye kikao, mjitambulishe, wawaone.

Hapo hapo mtaambiwa habari ya asilimia 10 ya kijiji. Hakuna sheria inayompa mwenyekiti au mtendaji asilimia 10 ya bei ya nyumba ya mtu. Ni desturi iliyozaliwa kwenye viwanja vya mijini ikapanda basi kwenda vijijini. Kama kijiji kina ada iliyopitishwa rasmi, lipeni mpewe stakabadhi ya serikali. Mkitaka kuchangia ujenzi wa zahanati kwa moyo wenu, changieni baadaye, mkiwa tayari wanakijiji.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni kwamba hicho ni kijiji kweli na kiko chini ya halmashauri ya wilaya ipi. Eneo la Soni liko jirani na mpaka wa Halmashauri ya Lushoto na ile ya Bumbuli, na kumbukumbu za ardhi ziko kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri husika. Kama eneo limeshatangazwa kuwa la mipango miji, utaratibu wa kijiji unapungua nguvu na mambo yanahamia kwa ofisa ardhi wa wilaya. Mwulizeni yeye, si dalali. Mwulizeni pia kama marehemu alikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, yaani cheti cha umiliki wa ardhi ya kijiji. Kama anayo, tazameni jina, ukubwa na mchoro wake, kisha mlinganishe na masjala ya ardhi ya kijiji. Kama hana, uwepo wake pale kwa miaka mingi bado ni haki inayotambulika, ila mtahitaji kupimiwa na kupewa hati kwa majina yenu wawili. Nasema wawili kwa makusudi. Sioni sababu ya nyumba ya uzeeni kuandikwa jina la baba peke yake.

Sasa tushuke shambani, kwenye kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji. Ekari moja na nusu ni kama mita za mraba 6,000. Tuseme eneo lenu lina upana wa mita 50 na urefu wa mita 120 kuteremka hadi kwenye maji. Ukitoa mita 60 za chini, nusu ya mnachonunua ni ardhi ambayo hamtajengea wala kulima mkiwa na amani. Miparachichi iko sehemu gani? Banda la ng'ombe je? Chukueni futi kamba, mpime kutoka ukingoni mkipanda juu. Sisemi mkatae nyumba kwa sababu ya kijito, maana kwa macho na masikio ni raha. Nasema msikilipie kana kwamba ni shamba.

Mkiwa mnapima, zungukeni mpaka wote na majirani wa pande zote, si na wauzaji peke yao. Milimani mipaka mingi ni masale (mimea inayopandwa mpakani), mfereji au jiwe, na masale huhama usiku. Ulizeni njia ya mguu: kama watu wa bondeni wanapita katikati ya shamba kwenda kisimani au msikitini, wataendelea kupita, na mkifunga njia hiyo mtakuwa mmeanza vibaya. Kama eneo linagusa barabara inayosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya barabara tangu sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Tazameni ukutani kama kuna alama ya X, ya kubomolewa, hata iliyopakwa rangi juu yake.

Makaburi matatu. Watu wa mjini huona aibu kuuliza, kumbe wenyeji wanangoja muulize. Makaburi hayauzwi pamoja na migomba. Hata mkinunua, wale ni wazazi wa watu, watakuja kusoma hitma, watakuja kufagia, na huenda mjane akitaka siku moja azikwe kando ya mumewe. Njia iliyo safi ni kuyatenga: pimeni kipande cha makaburi pamoja na njia ya kukifikia, kibaki mali ya familia, kiandikwe kwenye mkataba na kwenye mchoro, na iandikwe pia kama mazishi mapya yanaruhusiwa au la. Mkiafikiana hapo kwa adabu, mtakuwa na ndugu wa kuwatembelea. Mkiacha bila kuandika, ipo siku mtaamka mkute watu wanachimba. Kuyahamisha msikufikirie. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo kwa ajili ya miradi ya umma, na hata ingekuwa vinginevyo, nani angewaamkia kijijini baada ya hapo?

Nyumba yenyewe sasa. Nimeichelewesha kwa sababu paa bovu hurekebishika.

Nendeni wakati wa masika kama mnaweza, mwezi wa nne hasa. Dalali hupenda kuonyesha nyumba za Lushoto mwezi wa tisa, barabara kavu na anga safi. Mwezi wa nne mtajua kama gari dogo linafika mlangoni, kama barabara ya kupanda kutoka Mombo haijafungwa na maporomoko, na maji ya mvua yanapita wapi. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa kuchonga mlima, kwa hiyo nyuma ya ukuta kuna kingo ya udongo. Itazameni kingo hiyo: ina nyufa juu yake? Miti imeinama kuelekea nyumba? Mfereji wa kukinga maji upo, au maji yanagonga ukuta? Nyumba iliyochongewa mlimani bila mfereji wa juu, mimi huipunguzia bei kabla sijafungua mlango.

Ndani, msidanganywe na rangi mpya. Nyufa nyembamba za plasta ni uzee wa kawaida. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata tofali, mpana kuweza kupitisha shilingi, unaoonekana ndani na nje, ni msingi unaoshuka. Fungueni na kufunga kila mlango. Fremu zilizopinda husema ukweli. Ulizeni kama kuta zina lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kama tofali ni za kuchoma au mbichi zilizopigwa plasta. Kwaruzeni kidogo chini ya dirisha la nyuma, mahali ambapo hapatawaudhi. Pandeni darini na tochi: kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zikiwa za mkaratusi ambao haukutiwa dawa hupinda, na mchwa huacha vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani kama mishipa ya mkono. Bati nalo lina geji, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 iliyokaa miaka mingi kwenye ukungu wa Usambara inangoja upepo tu.

Maji ulizeni kwa majirani: yanatoka siku ngapi kwa wiki mwezi wa pili, wakati wa kiangazi? Vijiji vingi huko vina maji ya mserereko kutoka chanzo cha juu, yanayosimamiwa na jumuiya ya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na bomba la uani bado si maji ya uani. Faida ya nyumba kubwa ni paa kubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 180 mahali panapopata kama milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukitoa robo inayopotea, ni lita 135,000. Mifereji mizuri na matangi mawili ya lita 5,000 yatawafaa kuliko sebule ya pili.

Na vyumba saba, dada? Najua picha iliyo kichwani mwenu: wajukuu likizo ya Desemba, godoro kila chumba. Ni picha nzuri. Lakini miezi kumi na moja mtakuwa wawili, katika baridi ya Julai ya Lushoto, na nyumba isiyokaliwa vyumba huoza upande. Tazameni kama inaweza kugawanywa: upande mmoja wenu wenye choo cha ndani na usio na ngazi, upande wa pili unafungwa au anakaa mtu wa kuwasaidia. Pimeni pia njia ya kwenda hospitali. Ya wilaya iko Lushoto mjini, Bumbuli kuna ya Kanisa la Kilutheri, na mambo mazito huishia Bombo Tanga au KCMC Moshi. Safari hiyo muipige kwa gari mara moja, usiku.

Bei. Watawaambia kwamba kuijenga leo ni zaidi ya milioni 85, na huenda ni kweli. Haina maana. Nyumba kubwa kijijini haiuziki kwa gharama yake ya ujenzi, kwa sababu wanunuzi wake ni wachache mno. Ndiyo maana wauzaji wana haraka na ndiyo maana nyinyi hamna sababu ya kuwa nayo. Anzeni na bei ya ardhi: tafuteni watu watatu waliouza karibuni hapo hapo, chukueni bei waliyopokea, si waliyotangaza, na mhesabu eneo linalotumika tu bila mita 60 za kijito na bila makaburi. Ongezeni jengo kwa gharama ya kulijenga, mkitoa uchakavu. Kisha fundi wenu, siyo wa dalali, aandike matengenezo ya lazima, na jumla yake itolewe yote. Mthamini aliyesajiliwa anaweza kufanya hivyo kwa maandishi, na ripoti yake ni silaha nzuri mezani. Mimi nisingeanza mazungumzo kwa bei inayozidi milioni 60 bila kuona paa. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, iandikwe hivyo kwenye mkataba. Ushuru wa stempu lipeni. Mkataba usiolipiwa haupokelewi mahakamani.

Fedha zipite benki, ziende kwenye akaunti aliyoifungua msimamizi kwa ajili ya mirathi. Zisipite kwa simu wala kwa dalali wala kwa "kaka mkubwa". Kianzio kidogo kikae kwa wakili wenu mpaka muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji utoke, na fungu kubwa litoke siku ya funguo.

Kwa hiyo leo mpigieni dalali, mwambieni mnaitaka nyumba na mnaomba vitu vitatu: nakala ya Fomu namba 4, jina na namba ya simu ya mjane kama yupo, na siku ya kuzunguka mpaka na majirani. Vikija, niandikieni tena mkiwa na picha za darini na za kingo ya nyuma.